Kuchagua mashine ya kukata majani kwa bustani ndogo ya Goma: anza na mawe

Kabla ya kushuka Birere kuulizia bei, toka uani na uinamie majani yako. Yapangue kwa mkono mpaka uone kilicho chini. Hapa Goma mara nyingi utagusa jiwe kabla ya kugusa udongo: jiwe jeusi, lenye matundu kama sifongo na makali kama kipande cha chupa. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, nasi tulijenga juu yake, tukapanda maua juu yake, tukazungushia parseli zetu kuta za mawe hayohayo. Jiwe hilo ndilo litakaloamua ununue mashine gani, na ndilo jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuuliza.

Mimi nilijifunza hili kwa kupoteza pesa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya betri, nyepesi, ya kupendeza, yenye visu vidogo vya plastiki. Nilianza nayo kando ya ukuta saa mbili asubuhi. Kabla ya saa mbili na nusu visu vyote sita vilivyokuja ndani ya boksi vilikuwa vimekatika, na nilikuwa sijafika hata kwenye mparachichi. Kazi niliimaliza kwa kupekupe (fyekeo) ya marehemu baba. Tangu hapo nimetumia mashine ya waya na ya esansi (petroli), nimewasindikiza majirani kadhaa dukani, na huu ndio mpangilio ninaoufuata kila ninapoombwa ushauri.

Neno moja kuhusu majina kwanza. Kwenye maboksi utakuta maneno mawili ya Kifaransa. "Coupe-bordure" ni ile nyepesi, ya umeme au betri, inayokata kwa uzi wa nailoni. "Débroussailleuse", ambayo mafundi wetu wanaiita debrusayezi, ni ile yenye injini na mkanda wa begani, inayokubali uzi na pia kisu cha chuma. Wauzaji wanayachanganya maneno hayo kila siku, kwa hiyo usiagize kwa jina. Nenda ukaione.

Hatua ya kwanza: pima parseli kwa miguu

Tembea urefu na upana wa sehemu yenye majani ukihesabu hatua zako za kawaida. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70. Parseli yangu ina hatua 14 kwa 16, yaani karibu mita 10 kwa 11, mita za mraba 110. Ukitoa jiko la nje, ngazi na njia ya kupitia, majani yenyewe yanabaki kama mita 80 za mraba.

Kama hesabu yako iko chini ya mita 40 za mraba, nakushauri usinunue mashine yoyote. Nunua kupekupe ya chuma kizuri na tupa ya kuinolea. Ikinolewa vizuri, eneo hilo ni kazi ya nusu saa. Kati ya mita 40 na 200 ndipo mashine ndogo inapolipa. Zaidi ya hapo, hasa kama umeachiwa matete na vichaka vyenye shina gumu, mtafute kijana mwenye debrusayezi anayefanya kazi hiyo kwa malipo, asafishe mara ya kwanza, halafu wewe uendelee na mashine ndogo.

Hesabu pia kingo: ukuta, ngazi, vitanda vya maua, mashina ya miti, mawe yaliyochomoza. Bustani ya mita 60 yenye kingo nyingi inakula uzi kuliko uwanja wazi wa mita 150. Na ukumbuke mvua zetu. Tangu Septemba mpaka Desemba, na tena Machi mpaka Mei, majani uliyoyakata kwa ajili ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, yanarudi baada ya wiki mbili. Mashine utakayoinunua itafanya kazi mara mbili kwa mwezi katika miezi hiyo. Ipime kwa kazi hiyo, kwa sababu mashine inayofaa siku moja tu ya mwaka ni ghali hata ukipewa bure.

Hatua ya pili: chagua chakula cha mashine

Kuna aina tatu: umeme wa waya, betri, na esansi. Watu wengi huanza na swali la nguvu. Mimi naanza na swali la umeme wa nyumbani kwako.

Kama una umeme unaokaa, basi mashine ya waya ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, ya kuinunua na ya kuitunza pia. Umeme wa Matebe, kile kituo cha umeme wa maji kilichozinduliwa Desemba 2015 kule Rutshuru, umefika mitaa mingi ya Goma, na wenye mita za kulipia kabla wanaweza kupiga hesabu wenyewe: mashine ya wati 500 ikifanya kazi nusu saa inakula robo ya kilowati-saa. Hakuna esansi inayoshindana na hapo. Haina kabureta, haina buji (plagi ya kuwashia injini), haina moshi, uzito wake ni kilo mbili au tatu, na mama mtu mzima anaishika bila kuumwa mgongo. Tafuta ya wati 400 hadi 600. Chini ya wati 300 inachoka kwenye majani ya mvua.

Lakini soma kibati chake kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 220 na hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani imeandikwa volti 110 au 120, na ukiichomeka hapa inaungua papo hapo. Zile zinazopitia Uganda mara nyingi zinakuja na fishi ya meno matatu ya bapa, isiyoingia kwenye priza zetu za matundu mawili ya duara. Badilisha fishi kwa fundi. Nimeona watu wakichomeka nyaya mbili tupu na kuzibana kwa kijiti cha kiberiti, na hicho ni kifo kinachosubiri mtoto apite.

Ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, nayo ni sehemu ya bei. Pima umbali kutoka priza hadi pembe ya mwisho ya bustani, uongeze mita tano. Chukua waya wa milimita za mraba 1.5; ule mwembamba unaouzwa kwa ajili ya taa na redio unapata joto, na mashine inakosa nguvu mwishoni mwa waya. Ifunge fundo mahali mashine na ralonji zinapokutana ili zisiachane, ipitishe begani, na anza kukata karibu na priza ukielekea mbali, ili waya ubaki nyuma yako kwenye majani yaliyokwisha kukatwa. Asubuhi zetu zina umande mzito. Subiri mpaka saa nne, majani yakauke. Mashine ya waya na majani ya maji havikutani.

Betri ndiyo inayovutia macho, na ndiyo inayodanganya zaidi. Utaona betri zilizoandikwa 48V, 88VF, hata 98VF. Geuza chaja usome maandishi yake madogo. Ikiandika kwamba inatoa volti 21, ndani ya betri hiyo kuna seli tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo, kila moja ikijaa kwa volti 4.2. Tano mara 4.2 ni 21, na ikitulia inashuka kwenye 18. Hiyo 88 ni pambo la kwenye plastiki.

Halafu zidisha: volti 18 mara ampea-saa 2 ni wati-saa 36. Mota ikivuta wati 250, unapata dakika nane au tisa za kazi. Betri ya ampea-saa 4 inakupa kama dakika 17. Iweke mkononi pia: betri ya kweli ya ampea-saa 4 ya aina hiyo huwa na seli kumi, na seli moja ya kawaida ina gramu 45 hivi, kwa hiyo betri nzima haiwezi kuwa chini ya nusu kilo. Ikiwa nyepesi kama simu, weka chini uendelee na safari. Betri inafaa kwa mtu mwenye mita 50 za majani laini, betri mbili, na uvumilivu wa kuchaji. Kwa mtu mwenye sola nyumbani ni wazo zuri kabisa. Ila iwe na kichwa cha uzi. Vile visu vya plastiki havina maisha kwenye mawe yetu.

Esansi inabaki kwa wale ambao umeme wao unakuja na kuondoka, au bustani iko mbali na nyumba. Injini ndogo za mipigo miwili, zile za 2T, zipo za sentimita za ujazo 25 hadi 33, ambazo zinatosha kabisa kwa parseli ya mjini. Shida ni kwamba dukani utasukumiwa ya 43 au 52, kwa sababu ndizo zinazouzwa kwa wenye mashamba ya Masisi. Inafanya kazi, sikatai, na vipuri vyake vimejaa sokoni. Lakini ina kilo saba hadi nane, inakunywa zaidi, na inatikisa mikono. Ukiichukua, chukua yenye mkanda wa mabega mawili. Kuna na za mipigo minne, 4T, ambazo hazichanganywi mafuta. Ni nzuri, bei yake iko juu, na wengi wanaziua kwa kusahau kuangalia oili.

Kwa wenye mawe kama yangu, uamuzi wangu ni huu: umeme ukikaa, waya wa wati 500; umeme usipokaa, 2T ndogo yenye bomba lililonyooka. Bomba lililopinda ni jepesi na ni zuri kwa kingo, ila ndani yake huwa na kebo inayojipinda, na halikubali kisu. Lililonyooka lina mhimili imara na giaboksi mwishoni, na fundi yeyote anaweza kulifungua.

Hatua ya tatu: uzi kwanza, kisu baadaye

Uzi wa nailoni unaokata majani ulibuniwa na George Ballas wa Houston, Texas, mwaka 1971. Alikuwa ametazama brashi za mashine ya kuosha magari zikizunguka na kusugua gari bila kulichubua, akajiuliza kama majani yaliyozunguka miti yake hayawezi kukatwa hivyohivyo. Alitoboa kopo la bati, akapitisha uzi wa kuvulia samaki, akalizungusha kwa mashine. Nalipenda wazo hili kwa sababu linaeleza uzi ni wa nini hasa: ni kisu kinachokubali kurudi nyuma kinapokutana na kitu kigumu. Kwa bustani ya mawe hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kisu cha chuma hakirudi nyuma. Kikipiga jiwe la lava, kinarusha mashine pembeni, kinavunja jino, au kinarusha kipande kwa kasi ya risasi. Kiweke kwenye boksi kwa ajili ya matete ya mahali ambapo umeshapita na mikono yako ukaondoa mawe yote.

Sasa unene. Mashine ya waya inataka uzi wa milimita 1.2 hadi 1.6. Injini ndogo ya esansi inataka 2.4. Zile kubwa zinabeba 2.7 hadi 3. Usivishe uzi mnene kuliko ulioandikwa kwenye kitabu chake ukidhani utadumu. Mota inalemewa na kuungua. Umbo nalo lina maana. Uzi wenye pembe, wa nyota au mraba, unakata safi kwenye majani laini, lakini pembe zake ndizo zinazoliwa kwanza na jiwe. Kando ya ukuta wangu uzi wa nyota uliisha kabla sijamaliza upande mmoja. Wa duara, unene uleule, ulizunguka pande mbili na kubaki. Chukua wa duara.

Na hili ni la bure: loweka uzi kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kuutumia. Nailoni hunywa maji kidogo na kuwa laini, isikatike ovyo. Uzi uliokaa kavu dukani miaka miwili unavunjika kama tambi mbichi, na watu wanalaumu mashine.

Hatua ya nne: dukani, usione haya kuuliza

Nenda kwenye kenkayeri (maduka ya vifaa) tatu za Birere angalau, na upite pia soko la Virunga, kabla ya kutoa hata dola moja. Bei ya kwanza ni salamu tu. Nenda asubuhi, siku ya kazi, wakati muuzaji ana nafasi ya kukuonyesha. Siku niliponunua ile ya esansi, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mama, beba hii, iko na nguvu mingi, inakata mpaka miti."

"Papa, mimi sina miti ya kukata. Niko na majani na mawe. Washa, nisikie."

"Ya mpya hatuiwashaka, Mama."

"Basi acha niende kwa mwenye kuwasha."

Akafungua boksi. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mashine inawashwa kama kuna mnunuzi anayeondoka.

Kabla hajavuta kamba, gusa bomba la moshi. Likiwa la baridi, sawa. Likiwa na joto, mtu amekwisha kuiwasha nyuma ili isikusumbue mbele yako, na mashine inayowaka kwa shida ikiwa baridi ndiyo utakayolala nayo nyumbani. Vuta kamba wewe mwenyewe: iwe na uzito ulio sawa, irudi ndani yote bila kukwama. Bonyeza kile kipira cha kuvutia mafuta. Kisiwe na ufa, kijae mafuta na kurudi. Ikishawaka, iache ipumue taratibu na utazame kichwa cha uzi. Kwenye mwendo wa chini hakipaswi kuzunguka. Kikizunguka, ama mwendo umepandishwa sana ama klachi haiachii, na hapo mwambie arekebishe palepale. Bonyeza mafuta, achia: mlio ushuke mara moja. Ushike mpini, uone kama mtikisiko unafika mpaka kwenye kiwiko.

Angalia kinga ya plastiki iliyo juu ya uzi. Baadhi ya vijana wanaofanya kazi hii huitoa wakisema inazuia majani. Usiitoe kamwe. Inazuia mawe yasije kwenye miguu yako, na ndani yake kuna kiwembe kidogo kinachokata uzi ukizidi urefu. Bila kiwembe hicho uzi unarefuka, mota inabeba mzigo isioujua, na mashine inakufa kwa joto.

Kisha uliza kipuri, kabla ya bei: "Kichwa cha uzi cha hii, kiko? Buji? Kipira? Kamba ya kuwashia?" Mashine isiyo na piesi Goma ni mashine ya mwaka mmoja. Habari njema ni kwamba nyingi za debrusayezi hizi za Kichina zinatumia nati ya kichwa ya milimita 10 inayofungwa kwa kuzungusha kushoto, kwa hiyo vichwa vyake vinaingiliana. Ukija kununua kingine, njoo na cha zamani mkononi. Na unapokifungua, kumbuka kinafunguka kwa kuzungusha upande wa mishale ya saa, kinyume na ulivyozoea. Watu wamevunja bomba zima kwa kulazimisha upande wa kawaida.

Za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, sizikatai. Muombe mwenye mashine afungue buji mbele yako. Ncha yenye rangi ya kahawia ya biskuti ni injini yenye afya. Nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi, inarekebishika. Nyeupe yenye vitone ni injini iliyokimbia kwa joto, iache.

Hatua ya tano: piga hesabu ya mwaka

Mimi niliilipa ile ya esansi dola 90 baada ya kushushana. Kabla sijavuta kamba nyumbani nilikuwa nimenunua pia bobini ya uzi, kopo la oili, miwani ya kinga, buti za mpira na buji ya akiba, na vyote hivyo vilikaribia theluthi ya bei ya mashine. Jirani yangu mwalimu alichukua ya waya kwa pesa ndogo zaidi, lakini ralonji nzuri ya mita 25 ilimgharimu karibu nusu ya mashine yenyewe. Hakuna kati yetu aliyekosea. Wewe tenga kabisa: katika kila dola 100 ulizo nazo, mashine isizidi 65 au 70.

Dola zako ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa, na utapoteza bei uliyokwisha kukubaliana ukitafuta ya kubadilisha. Dai karatasi yenye jina la mashine na tarehe, na mkubaliane kwa mdomo mbele ya mtu wa pili kwamba ikigoma ndani ya siku saba unaibadilisha.

Hatua ya sita: mafuta, na kimo cha Goma

Hii ni kwa wa esansi peke yao, na ndipo mashine nyingi zinapofia. Injini ya 2T haina oili yake ya pembeni; oili inaingia ndani ya esansi. Kitabu kitakuambia kiasi. Nyingi za bei nafuu zinataka sehemu 25 za esansi kwa moja ya oili, nyingine 50 kwa moja. Tafsiri yake: kwa lita moja ya esansi, mililita 40 za oili, au 20. Usipime kwa kifuniko cha chupa. Nenda famasi ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, uliweke pamoja na mashine. Kwa 25, vuta bomba mbili kamili kwa kila lita. Kwa 50, moja. Tumia oili iliyoandikwa 2T, yenye alama ya JASO FC au FD kwenye kopo. Oili ya gari haiungui vizuri humo ndani. Inaacha masizi yanayoziba bomba la moshi.

Esansi ya makadhafi, wale wanaoiuza barabarani, inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa. Mwaga kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini kama mstari. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, kwa hiyo ukiweza nunua kwenye kituo, lita moja moja. Na usichanganye bido zima: mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi unapoteza nguvu na kuacha gundi kwenye kabureta.

Tena kuna jambo ambalo kitabu cha mashine hakitakuambia kuhusu sisi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa hewa ya chini inamwaga mafuta mengi kuliko hewa inayopatikana hapa. Mashine inatoa moshi, inakohoa ukibonyeza, buji inakuwa nyeusi. Wengi wanasema ni mbovu, wanairudisha. Mpelekee fundi wa pikipiki mwenye mkono mwepesi akaze skrubu ya mwendo wa juu kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, asikilize, aongeze kidogo. Asipitilize: mafuta yakiwa machache mno pistoni inaungua. Mashine yangu ilihitaji dakika tano za kazi hiyo na ikawa nyingine kabisa.

Hatua ya saba: siku ya kwanza

Pita bustani nzima ukiokota mawe, chupa na vipande vya waya. Waondoe watoto, kuku na wapita njia; umbali wa usalama ni mita 15, na kama ukuta wako ni mfupi, mtu mmoja asimame barabarani. Vaa miwani ya kinga, suruali ndefu na buti. Miwani ya jua haitoshi. Vipande vya lava ni vyepesi na vina makali, vinaruka mpaka usoni, na jicho halina kipuri sokoni.

Zungusha mashine kwa nusu duara kama mtu anayefagia, ukikata kwa ncha ya uzi. Majani marefu yakate mara mbili, juu kwanza halafu chini, la sivyo yanajiviringisha kwenye kichwa. Ukifika ukutani, simama na ncha ya uzi kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye jiwe, upunguze mwendo. Ule ukanda mwembamba unaobaki umalize kwa kupekupe au kwa mkono. Najua watu wanataka kumaliza kila kitu kwa mashine, lakini ukanda huo ndio unaokula nusu ya bobini, na kwa mkono ni kazi ya dakika kumi.

Ukimaliza, safisha majani yaliyoshika chini ya kinga kabla hayajakauka. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, mwaga mafuta kwenye chupa na uiache iwake mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki tupu. Uhifadhi uzi ndani ya ndoo yenye maji kidogo.

Na kama unafuga sungura, usiwamwagie majani hayo moja kwa moja. Jiwe linapoula uzi, vipande vinabaki humo, vidogo, vya rangi ya chungwa au kijani, na sungura hatofautishi. Kakate kwa kupekupe yale unayotaka kuwalisha kabla ya kuwasha mashine, na haya mengine uyapeleke kwenye shimo la mboji baada ya kuyapitia kwa reki na kuokota uzi unaouona.